Bi Keti Anaondoka Dawati la Waliofilisika

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Keti anastaafu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu hatulijui. Hili la Keti alilipata kwa sababu kila aliyefika dawatini kwake, awe tajiri aliyeporomoka au fundi viatu, alikaribishwa kwa neno moja: "Keti."

Alianzia benki, idara ya mikopo ya nyumba, na kazi yake ilikuwa kuwafuata waliochelewesha marejesho. Aliifanya vizuri, akapandishwa cheo, kisha akaomba kazi kwetu, tunakopokea maombi ya watu waliofilisika. Mshahara ulipungua. Mumewe, seremala, alimuuliza kama ana homa.

Siku hizo ubao wa matangazo ya minada ulitundikwa mbele kabisa ya benchi la kusubiria. Mtu alikaa akisoma anwani ya nyumba yake mwenyewe, na majirani wakiisoma naye. Bi Keti aliomba ubao uhamishwe, akaambiwa suala linashughulikiwa. Likashughulikiwa weee, mpaka Jumamosi moja alipokuja na mumewe na bisibisi. Jumatatu ubao ulikuwa nyuma ya ngazi. Mkuu wetu wa wakati huo alinuna wiki nzima, kisha akajifanya wazo lilikuwa lake.

Wengi wetu tunamkumbuka kwa habari ya mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa limeungua, akakopa huku na kule kulifufua, na marejesho ya nyumba yakarudi nyuma. Alifika kwetu nyumba ikiwa inapigwa mnada kesho yake. Alikuja na matumaini makubwa.

"Nimeambiwa nikitangazwa nimefilisika, madeni yote yanakufa na nyumba inabaki yangu," alisema.

"Kaka yangu, aliyekwambia hivyo amekupa nusu ya habari," Bi Keti alimjibu. "Ukiwasilisha ombi leo, mnada wa kesho unasimama. Madeni ya dukani na ya marafiki yanaweza kufutwa. Lakini mkopo wa nyumba umeshikamana na nyumba. Ukitaka kubaki, utalipa malimbikizo kwa mpango wa mahakama, na marejesho ya kila mwezi juu yake. Ukishindwa, mnada unarudi."

Ndipo Bi Keti akamuuliza nani nyumbani anajua. Hakuna aliyejua, si mkewe, wala mama mkwe wake aliyeishi nao.

"Ombi lako nalipokea sasa hivi. Wewe toka hapo nje umpigie mkeo."

Mke alifika na aproni ya jikoni, unga mikononi. Sauti yake ilisikika mpaka masjala: "Nyumba inauzwa kesho, na asubuhi hii umeniuliza mchana tutakula nini?" Bi Keti hakuwaingilia. Aliwaachia ofisi yake, akaenda kusimama kwenye korido na chai yake iliyopoa, kama alivyozoea kuinywa.

Mnada ulisimama. Mpango wa mahakama waliubeba kwa karibu mwaka mzima, lakini mkate hauongezeki bei kwa sababu mwokaji ana shida. Mke ndiye aliyesema basi. Kwa ruhusa ya mahakama waliiuza nyumba wenyewe, kwa utulivu, kwa bei ambayo mnadani wasingeiota. Benki ikalipwa, madeni mengine yakafutwa, nao wakapanga vyumba viwili nyuma ya duka.

Bi Keti hakulichukulia hilo kama ushindi. Siku ya kuhama aliomba ruhusa ya dharura akaenda kusaidia. Mama mkwe alimkuta mlangoni, akamkagua kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye uliyetutoa nyumbani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya, shika upande huu wa kitanda."

Wakakibeba pamoja. Mpaka bibi huyo alipofariki, walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili, na kwa kadiri tunavyojua hawakuzungumzia nyumba hata mara moja.

Wapo waliobaki na nyumba zao. Muuguzi mmoja, aliyeachishwa kazi na baadaye akarudishwa, aliumaliza mpango wake wote, akaja kumkumbatia Bi Keti hadi miwani ikavunjika. Hata hivyo, sisi aliotufundisha kazi alitusisitizia jambo lile lile: usimwahidi mtu paa, mwambie ukweli akiwa bado na muda wa kuchagua. Wengi huja wamechelewa kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo yeye hakuwahi kuiongezea hata neno.

Bi Keti, ahsante kwa miaka yote, kwa kicheko kinachopenya kuta, na kwa kutukalisha sisi pia tulipoelemewa. Umekataa zawadi ya saa ya ukutani na umekataa hotuba, nasi tumetii, isipokuwa hii. Jumatatu mlango utafunguliwa na watu watakuulizia. Tutawaambia ukweli kwamba umelala, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kukuamsha. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na furaha tele pamoja na seremala wako.