Mama Natalia na Uwanja wa Adhula, Nangara

Marehemu Emerensiana Awuor, ambaye wengi mlimwita Mama Natalia, alizaliwa Kowak, Tarime, tarehe 4 Mei 1929. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne. Kaka zake walipocheza adhula, mchezo wa Wajaluo wa kugombania mpira wa mti kwa fimbo zilizopinda, yeye aliambiwa akachote maji. Alichota, kisha akarudi kucheza.

Alifunga ndoa na Mzee Filbert Obiero tarehe 12 Agosti 1950. Mwaka 1963 walihamia Babati, mume akiwa fundi wa barabara. Mama alishona nguo hapa Nangara mpaka vitambaa vilipoadimika.

Mwaka 1982 hata mpira wa miguu haukupatikana madukani. Vijana wetu wa Kijaluo walishinda kwenye foleni za sukari, wakarudi mikono mitupu, wakaanza kupigana wao kwa wao. Mama akamwomba mumewe akate fimbo za adhula.

"Mama, si mchezo wa wachunga mbuzi huo?" alicheka Paskasi, kijana wa jirani.

"Na wewe unachunga nini?"

Paskasi akashika fimbo.

Jumamosi moja mgambo waliwakamata wote, wakidai vijana wanajiandaa kwa vita. Mama alikwenda ofisini kwao kwa miguu, akampa mkuu wao fimbo moja, yeye akashika nyingine. Walicheza pale uani mpaka mkuu akacheka. Vijana wakaachiwa.

Tusidanganye kwamba mchezo ulinawiri. Wengi walikwenda machimboni, wengine walirudi Mara. Waliobaki walikuja na njaa, naye Mama alikuwa amechoka kuliko wao. Natalia, bintiye, alimsihi aache.

"Nikikaa ndani, mwanangu, nachoka zaidi."

Kisukari kilimzidi mwaka 1985. Natalia alitafuta dawa mpaka Arusha. Mara nyingi alirudi bila kitu. Januari mwaka huu Mama alikatwa mguu. Bado alibebwa hadi uwanjani, akawakaripia wacheza rafu akiwa kitini. Jumamosi iliyopita alimwambia Paskasi, "Leo chezeni wenyewe." Alifariki nyumbani Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni 1986.

Ameacha mume, binti yake Natalia, mwanawe Theodory, na wajukuu. Vijana waliochimba kaburi hili wanasema Jumamosi watacheza. Mama hadaiwi tena kufika uwanjani. Bwana ampokee, ampumzishe kwa amani.