Mzee Miao Hakimbii

Mzee Miao Deqing, mfumaji wa mablanketi, anastaafu tarehe 31 Oktoba baada ya miaka thelathini na minane katika ushirika wetu hapa Shandan. Muda wote huo hajawahi kuchelewa kazini, wala kuharakisha.

Juu ya lango letu yameandikwa maneno mawili ya Kichina, gong he, kifupi cha “ushirika wa viwanda”, tangu enzi za vita na Wajapani. Askari wa Kimarekani waliyachukua wakayafanya wito wa kushikamana. Katika Kiingereza yakawa gung ho, yaani ari. Kisha ari iliyopita kiasi, ya mtu anayeruka kwanza ndipo aulize chini kuna nini. Kwa maana hiyo ya mwisho, ushirika mzima una mtu mmoja tu: mwandishi wa wasifu huu, Nie, katibu wa mauzo, aliyeanza kwa kuchuuza soksi stesheni na ambaye hakuna aliyewahi kumwandikia wasifu.

Wageni wa gazeti moja la London walipokuja kupiga picha za watu wenye ari hiyo, mwandishi aliwaamuru wanachama wakimbie na marobota ya sufu uwanjani. Mzee Miao akataka kujua, “Nie, ndugu yangu, tunakimbilia wapi?” Walikimbia kumi na mmoja, wakaanguka wanne. Picha iliyochapishwa ilikuwa ya Mzee Miao, amelala juu ya robota chini ya lango, mdomo wazi. Oda zilimiminika. Kumbe blanketi ni la kulalia.

Kwetu mwanachama haachiliwi mpaka mikono yote iinuke. Mwandishi, aliyekuwa akitaka mzee huyu astaafishwe tangu 2009, alitarajiwa kuwa wa kwanza. Iliinuka ishirini na miwili. Wake ukabaki chini ya meza. Alikuwa amepiga hesabu: mipango yake mikubwa tisa, yote Mzee Miao aliikawiza, na saba kati yake ingetufilisi na kutufungia lango. Sasa nani atauliza tunakimbilia wapi?

“Inua, Nie,” mzee akasema. “Taratibu tu. Hakuna anayekufukuza.”

Ulichukua muda, lakini uliinuka.

Mzee Miao, ahsante kwa kutuchelewesha. Kalime vitunguu vyako kwa amani. Tunakuombea siku nyingi, na zote ziende kwa mwendo wako.