Mwalimu Joram Kisyeri na Mahindi ya Bibi Wegesa

Tarehe 30 Juni 1984 Mwalimu Joram Kisyeri anastaafu, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitano. Kumi na sita kati ya miaka hiyo ameitumikia Shule ya Msingi Nyankerengo, Wilaya ya Serengeti. Walimu wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nilisoma kwake kabla ya kufundisha naye. Nimeuandika mara tatu. Mara mbili za kwanza niliuruka mwaka 1975 kwa sababu ya woga. Safari hii sikuuruka.

Mwalimu Joram alizaliwa mwaka 1929 milimani Tarime. Alianza kazi tarehe 1 Februari 1952 katika shule ya misheni yenye chumba kimoja na ubao mmoja uliopasuka katikati. Husema kwamba ufa ule ndio uliomfundisha kuandika sentensi fupi. Baadaye alifundisha karibu na Sirari, kisha mwaka 1968 akahamishiwa kwetu. Hajawahi kuwa mwalimu mkuu. Alipewa cheo hicho mara mbili, na mara zote mbili aliomba aachiwe somo la sayansi na shamba la shule.

Waliosoma kwake wanazikumbuka chemni za taa zilizovunjika. Alituagiza tuziokote majumbani, tuzitandike karatasi mbichi kwa ndani, tuoteshe haragwe kati ya karatasi na kioo. Mzizi ulipotoka tu, aliigeuza chemni juu chini. Baada ya siku tatu mzizi ulikuwa umejipinda na kushuka tena. Hakutuambia kwamba mzizi hutafuta ardhi. Alingoja tumwambie sisi.

Kuonyesha kwamba jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, alihitaji spiriti ya kutoa rangi ya kijani kabla ya kulidondoshea aidini. Spiriti haikuwepo. Gongo lilikuwepo. Mkaguzi wa shule akaingia darasani na kusimama ghafla mlangoni.

"Mwalimu, mnapika nini humu?"

"Majani, mzee."

"Majani gani yananuka hivi?"

"Ya viazi, mzee. Ila yamelewa kidogo."

Mkaguzi alikaa mpaka jani lilipogeuka jeusi kwa wanga, akaandika kwamba somo lilikuwa zuri. Kuhusu harufu hakuandika kitu.

Sasa nije kwenye mwaka ule.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia zaidi ya mia mbili zilisogezwa kuizunguka shule yetu. Wengine walitoka upande wa Nyambureti, wengine Mbalibali, wengine walishuka kutoka Tarime. Kila familia ilikuja na mbegu yake. Mvua za 1975 zilipoanza, mbegu ambazo hazijawahi kuonana zilipandwa bega kwa bega katika shamba moja la kijiji. Ilikuwa njaa. Tuliishi kwa unga wa njano wa msaada, ule tuliouita yanga, na kila nyumba ilihesabu siku za kuvuna.

Bibi Wegesa alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai. Alipanda mahindi meusi aliyoyaleta ndani ya kibuyu cha marehemu mama yake. Wengine wote tulipanda meupe. Kipande chake kilipakana na shamba la shule, na hapo Mwalimu Joram akaona somo la darasa la sita.

Alitueleza kwamba mbelewele zilizo juu ya muhindi hutoa vumbi la njano liitwalo chavua. Upepo hulichukua mpaka kwenye ndevu za hindi, na kila uzi mmoja wa ndevu ukipata chavua, hufungwa punje moja. Hakutaka tukariri. Mzee Bushiri, mwenye duka Mugumu, alitupa mifuko ya kaki ya sukari, nasi tukafunika mahindi matatu ya shamba la shule kabla ndevu hazijachomoza. La kwanza lilibaki limefunikwa mpaka mwisho. La pili lilifunuliwa kidogo, likapakwa chavua ya mahindi meupe, likafunikwa tena. La tatu nililipaka mimi, kwa chavua kutoka kwa Bibi Wegesa. Aliniinamishia mbelewele mwenyewe kwa kuwa sikuzifikia.

"Taratibu, binti," aliniambia. "Haya ni mahindi ya mama yangu."

Kila hindi lilifungiwa kijikaratasi chenye jina la mwanafunzi aliyelitunza.

Julai watu walianza kumenya. Ndani ya mahindi meupe zilikutwa punje nyeusi, hapa tano, pale thelathini, bila mpango. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Mwezi uliotangulia baba mmoja jirani yetu, Selestine, alikuwa amezika mtoto wake wa miaka miwili. Yeye ndiye aliyesema kwanza kwamba mahindi yamerogwa, na kwamba aliyeyaroga anajulikana. Ndani ya siku nne nilishuhudia akina mama wenye njaa wakimwaga mahindi korongoni. Mawe yakaanza kutua juu ya paa la Bibi Wegesa mchana kweupe. Vijana walisema ahamishwe, na kila aliyewasikia alikumbuka kwamba paa lake ni la nyasi, na kwamba nyasi zilikuwa kavu. Mama yangu alinisugua mikono kwa majivu, asubuhi na jioni, bila kuniambia kwa nini. Nilijua kwa nini.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Waitara, aliita mkutano siku ya Jumamosi mbele ya shule. Mwalimu Joram aliomba azungumze kabla watu hawajaamua. Alikuwa ametutuma tuvunje hindi moja kila baada ya hatua kumi, kuanzia mpakani kwa Bibi Wegesa hadi mwisho wa shamba, akayapanga chini kwa mstari. Ya karibu yalikuwa na punje nyeusi nyingi. Ya mbali yalikuwa nazo chache. La mwisho lilikuwa jeupe lote.

"Mnaona?" akasema. "Chavua ni vumbi, na vumbi hupungua kadiri linavyokwenda mbali."

Selestine aliinuka, akatembea polepole kandokando ya ule mstari, kutoka hindi jeupe mpaka lile lenye punje nyeusi nyingi kuliko yote, akasimama mbele ya Bibi Wegesa, aliyekaa hapo peke yake.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Sisi tulikuwa tunashuku tu. Wewe umetuchorea njia mpaka mlangoni kwake."

Mwalimu alikuwa amethibitisha vizuri mno. Nyuma yangu nilisikia vijana wakiinuka, na nikamwona Bibi Wegesa akitazama upande wa nyumba yake.

"Kama ni mbegu, chomeni mbegu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi msinichome."

Mwalimu akanituma stoo nikalete yale mahindi matatu. Njiani nilifikiria kukimbia, kwa sababu la tatu lilikuwa na jina langu. Sikuwa jasiri. Niliogopa tu kwamba anayekimbia hufuatwa.

Alitoa mifuko na kumenya mbele ya wote. La kwanza lilikuwa gunzi tupu, bila punje hata moja. La pili lilikuwa jeupe tupu. La tatu lilikuwa jeusi kuanzia kitako hadi ncha, na watu wakarudi nyuma.

"Hilo alilishika nani?" mtu akauliza.

Mwalimu Joram alikuwa ameshakisoma kijikaratasi. Alikifungua uzi, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Mimi," akasema. "Nililipaka kwa mkono wangu."

Huyu ndiye mwalimu aliyetupigia mstari mwekundu kila tulipoandika jambo ambalo halikutokea. Mama alikuwa amenishika bega, na vidole vyake vilikaza mpaka nikaumia.

"Basi mchawi ni wewe," Selestine akasema.

"Huenda. Lakini nieleze, ndugu yangu. Mahindi haya yote yalikuwa hatua tatu kutoka kwa Bibi. La kwanza halikupata kitu, la pili halina weusi. Ni uchawi gani huu unaozuiwa na mfuko wa sukari?"

Bibi mmoja aliyekaa mbele akapiga makofi. "Kumbe! Basi kesho naenda kwa Bushiri nikanunue mifuko, nimfunike na mzee wangu!"

Watu wachache walicheka, kisha wengi. Selestine hakucheka.

"Mura, kijana wangu, kaa chini," Mzee Waitara akamwambia, kisha akamgeukia Mwalimu. "Nimeelewa nusu. Kwa nini tusichome mbegu hiyo, yaishe?"

"Mkiichoma mtakuwa mmekubali kwamba ni uchawi, na mwakani mtatafuta kingine cha kuchoma. Mwacheni apande, ila apande wiki nne baada yenu. Mbelewele zake zitatoka wakati ndevu za mahindi yenu zimekwisha kukauka."

"Ikionekana punje nyeusi?"

"Tutaondoka wote wawili, mimi na yeye."

"Hata ikiwa moja?" Selestine akauliza.

"Hata moja."

Nilitamani aseme tano. Nilitamani aseme kumi. Alikuwa na mke na watoto sita, na miaka tisa kabla ya kiinua mgongo, na alikuwa amejifunga kwa punje moja.

Kazi iliyofuata ndiyo ninayotaka ikumbukwe kuliko zote. Punje nyeusi iliyolala ndani ya mbegu ya mwanakijiji yeyote ingeweza kuota na kuchavusha jirani zake. Kwa hiyo Januari 1976 Mwalimu alitugawa wawili wawili, kila kundi na ungo, tukapita nyumba kwa nyumba kuchambua mbegu za kijiji kizima. Mimi nilipangiwa kwa Selestine. Mke wake alinimwagia mbegu kwenye ungo. Selestine mwenyewe alikaa mlangoni akitazama vidole vyangu. Nilichambua mara mbili, kisha nikarudia, na nilipotoka macho yalikuwa yananiwasha.

Aprili na Mei tulimkuta Mwalimu shambani kila asubuhi kabla ya kengele, akizikagua mbelewele za Bibi Wegesa kama zimeanza kuchomoza. Alikonda. Ndugu zake walikuja kutoka Tarime kumshauri aombe uhamisho. Aliwapa chai, akawasindikiza.

Mahindi ya 1976 yalimenywa kwa siku mbili mbele ya Mzee Waitara na mabalozi wa nyumba kumi. Sisi wa darasa la saba tulikuwa kati ya wamenyaji. Siku ya pili, jua likiwa utosini, nilifungua hindi kutoka kipande cha Selestine. Karibu na ncha ilikuwepo punje moja nyeusi.

Selestine alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mwalimu alikuwa upande wa pili na daftari lake. Nilifunika ile ncha kwa kiganja, nikaing'oa punje kwa ukucha, nikapitisha mkono mdomoni kama ninayejifuta jasho, nikaimeza nzima. Hindi nikalitupa kwenye rundo. Mpaka jioni nilikuwa nangoja mtu aliite jina langu.

Hakuna aliyeliita. Mzee Waitara alitangaza kwamba hakuna punje nyeusi, na Mwalimu akaandika sifuri katika daftari la majaribio, ambalo liko kabatini hadi leo. Bibi Wegesa aliendelea kuishi katika nyumba yake na kupanda mahindi ya mama yake, wiki nne baada ya wengine. Si wote waliomzoea. Wapo waliokuwa wakivuka njia wakimwona, na mwaka uliokuwa na ugonjwa tulilala masikio wazi. Lakini alifariki mwaka 1982 kitandani kwake, chini ya paa lake, kwa uzee. Mke wa Selestine alikuja mazishini. Selestine hakuja. Nilipomwomba ruhusa ya kumtaja humu, alisema, "Andika. Lakini andika pia kwamba mtoto nilimzika kweli." Nimeandika.

Mwalimu, sifuri ile si sahihi. Ni moja. Wakati Bibi yu hai nisingethubutu kuitaja, na baada ya kufa kwake nilikuogopa wewe. Tangu Januari nimefundisha uchavushaji nikitumia daftari hilo, na kila ninapofika ukurasa ule, sauti yangu hushuka. Daftari nimeliweka mezani kwako likiwa wazi, na kalamu yako nyekundu iko kando yake. Sikusahihisha mwenyewe, kwa kuwa jaribio lilikuwa lako. Aliyelipotosha ni mimi, na ningerudia kulipotosha.

Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na wazazi wa Nyankerengo, nakushukuru kwa kila chemni iliyooteshwa haragwe, kwa kila ungo, na kwa kijikaratasi kimoja ulichokitia mfukoni. Nenda nyumbani kwako milimani ukiwa na afya. Mvua zikukute umeshaandaa shamba, watoto wako na wajukuu wakuzunguke, na usiku ulale usingizi mzito ambao mwaka ule wewe ulitupatia sisi wengine.

Mwl. Regina Nyangwine
Sayansi, Darasa la Sita na la Saba