Baba Mdogo wa Kibarua

Ndani ya Probox ya kwenda Nyamache, Tryphosa alijifanya anatazama migomba, kumbe masikio yote yako kwa Nyangate, mchuma chai, aliyekuwa akimlalamikia abiria jirani.

"Ochoki tunachuma naye tu. Aliniomba nimsindikize ukweni, nikajua ni kuku na soda. Kufika, akanitambulisha kuwa mimi ni baba yake mdogo!"

"Na ukanyamaza?"

"Kuku alikuwa ameshaletwa, ndugu yangu. Sasa amekosana na bibi yake, wakwe wameniita niamue."

"Basi amua."

"Na mimi sijaoa? Ochoki mwenyewe ni rika la baba yangu!"

Tryphosa aliuma leso asicheke.

Gari likasimama. Wazee watatu wa ukweni kwa Ochoki walikuwa wakimngoja Nyangate barabarani, kofia mkononi. Naye akakohoa kizee, akashuka polepole. Tryphosa, ambaye safari yake ilikuwa bado, akashuka pia.