Ndala Mbele ya Mlango Uliofungwa

Wazee wetu shikamooni. Mama zangu, baba zangu, na nyie vijana mnaoagwa leo kwenda vyuoni, nawasalimu kwa jina la Mungu aliyenirudisha nikiwa bado na uso wa kuwatazama watu. Kabla sijaanza, namwomba dada aliyekaa pale karibu na dirisha alifungue. Lote, dada yangu. Najua mmefunga kwa ajili ya ukungu na watoto. Wafunikeni khanga. Mimi siwezi kusema maneno haya madirisha yakiwa yamefungwa, na mkinivumilia mtajua kwa nini.

Asante. Eeh, na harufu ya jikoni kwa wamama imeingia sasa. Haya, iacheni iingie.

Mchungaji aliponiomba niseme na vijana, nilimwambia wapo waliosoma vizuri kuliko mimi. Akaniambia waliosoma vizuri watasema mwakani, mwaka huu tunamtaka aliyeanguka. Mnacheka, lakini ndivyo alivyosema. Sitataja chuo wala jina la mtu. Jina pekee mtakalobaki nalo ni langu, na hilo wengi mnalo, maana mmenibatiza hapa hapa Iyula.

Nilipoingia mwaka wa pili, nilichaguliwa kuwa kiongozi wa hosteli ya wasichana. Kazi yenyewe ni hivi: unakaa na wenzako ghorofa moja, unasikiliza shida zao, mgonjwa unampeleka zahanati, waliogombana unawapatanisha, na kila Jumamosi unamsindikiza mama mlezi wa hosteli kukagua vyumba. Kwa kazi hiyo unapewa chumba chako peke yako, bure. Mama yangu alipiga simu kwa ndugu wote mpaka wa Itaka. Alisema, "Mwanangu ni mkubwa huko chuoni." Na mimi sikumsahihisha, nilipenda kuitwa mkubwa.

Sheria moja ilikuwa juu ya zote: hakuna moto chumbani. Kulikuwa na banda la kupikia huko nyuma, lakini nyie mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Lile banda halikuwa na ukuta upande wa upepo. Kupika maharage pale ni kusimama kwenye ukungu nusu siku huku meno yanagongana. Basi wasichana wakawa wanapandisha majiko ya mkaa vyumbani kwa siri, wamefunika na khanga kama mtoto.

Mwisho wa korido yangu kulikuwa na chumba cha wasichana wawili. Mmoja alitoka milima ya Ileje, mwaka wa kwanza, mpole, ukimsalimia anapiga goti kidogo hata kama amebeba ndoo ya kufulia. Alikuwa na jozi moja tu ya ndala za kutembelea, na ya kushoto mkanda wake ulikatika akaufunga kwa waya mwekundu. Mwenzake alikuwa mtoto wa Tunduma, wa mpakani, mchangamfu, anauza maneno kama mama yake anavyouza vitenge kwa Wazambia. Yule wa Ileje ndiye aliyekuwa na maharage, mama yake alimfungia gunia zima. Yule wa Tunduma ndiye aliyekuwa na jiko.

Niliwakuta siku ya kwanza wakipika. Nilisimama mlangoni, nikakunja uso kikubwa. Yule wa Tunduma akaniambia, "Karibu ndani, dada kiongozi, unaingiza baridi." Nikaingia. Nikapewa sahani. Ndugu zangu, nawaambia, yale maharage yalikuwa yameiva mpaka yanatoa uji wake, na nje kulikuwa na ukungu mzito kama blanketi bichi. Nilikula. Jumamosi iliyofuata nikapewa tena. Mwisho ikawa na jina: sahani ya kiongozi. Ukishakula sahani ya mtu, mdomo wako unakuwa mzito kumsema, na sisi huku tunavyoheshimu chakula, unakuwa mzito mara mbili.

Si hilo tu. Nikaanza kuwasaidia kujificha. Jumamosi, mama mlezi akianza kukagua ghorofa ya chini, mimi nilikuwa napita juu nikifagia korido, na kila mlango wenye jiko naugonga kwa chini na fagio mara mbili. Wenyewe wanajua. Jiko linaingia nyuma ya pazia la nguo, dirisha linafungwa harufu isitoke. Yule wa Tunduma ananichungulia mlangoni na kunong'ona, "Natotela, mayo," Kibemba cha mpakani hicho, asante mama. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Wala sikuona hatari. Nani hapa hajakua pembeni ya moto? Jikoni kwa mama yangu tumelala sana, hasa mvua ikinyesha na paa likivuja kule chumbani. Tena mkaa ukishaiva, mwekundu, hauna hata moshi. Tulikuwa tunataniana, Mnyiha gani anaogopa jiko? Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba jikoni kwa mama kuna uwazi kati ya ukuta na paa, upepo unaingia na kutoka usiku kucha bila kuulizwa. Kile chumba cha hosteli kilikuwa na vioo, na kwa ajili ya baridi wale wasichana walikuwa wameziba kila mwanya kwa vipande vya godoro. Hata chini ya mlango.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu tuliyaona. Yule wa Ileje alianza kulalamika kichwa. Akitoka nje kinapona, akirudi chumbani kinarudi. Nilimwambia ni baridi, vaa kofia. Siku nyingine alitapika, nikamwambia apunguze chumvi. Halafu kulikuwa na paka mdogo waliyekuwa wanamlisha mabaki, alizoea kulala kando ya lile jiko apate joto. Asubuhi moja wakamkuta amekufa pale pale, amejikunja vizuri, kama aliyesinzia. Tukasema amekula panya mwenye sumu. Tukamzika nyuma ya mabafu, na yule wa Tunduma akatoa mahubiri ya mazishi, tukacheka mpaka machozi. Mimi ndiye niliyechimba shimo, na mpaka leo sijasahau jinsi ule mwili ulivyokuwa mwepesi.

Sasa naingia kwenye Jumamosi yenyewe.

Ilikuwa mchana lakini taa zingehitajika, ukungu ulikuwa umekaa kwenye vioo. Umeme haukuwepo. Mama mlezi alianza chini, mimi nikapanda juu na fagio langu. Nikafagia. Nikagonga milango minne, mara mbili mbili. Mlango wa mwisho nikaugonga, nikasikia jiko linaburutwa kwenye sakafu, nikatabasamu, nikashuka.

Ghorofa ya chini ilichukua zaidi ya saa nzima. Tulipopanda, mama mlezi alikuwa amechoka, miguu inamuuma. Pale kwetu kila mlango una kufuli lake la nje, kama duka. Mwenye chumba akiwa ndani anasukuma komeo. Kwa hiyo ukikuta kufuli nje, maana yake hakuna mtu, unaandika "hawapo" na kupita. Tulipofika chumba cha wale wawili, kufuli lilikuwa nje. Mama mlezi akaniuliza, "Hawa wako wapi?" Nikajibu haraka, "Wako maktaba, mama." Sikujua walipo. Nilijua tu kuna jiko mle ndani.

Nikainamisha macho kwenye daftari niandike, na chini, kwenye mkeka wa mlangoni, nikaziona ndala. Zimepangwa vizuri, pamoja. Ya kushoto ina waya mwekundu.

Ndugu zangu, hapa ndipo ushuhuda wangu ulipo, msiniache. Niliziona. Nilijua hana viatu vingine isipokuwa vya ibada, na vile haendi navyo maktaba. Nilijua hakuna mtu anayetembea peku kwenye baridi ile. Kifua changu kilijua kabla ya kichwa. Na mkono wangu ukaandika "hawapo."

Tukaenda mlango uliofuata upande wa pili. Nikaandika. Mlango wa pili, mama mlezi akasifia usafi, nikaandika. Nilikuwa najiambia labda ameazima viatu. Nikisema, jiko litaonekana, nitaulizwa nilijua tangu lini, nitapoteza chumba, mama yangu atawapigia ndugu simu nyingine. Mlango wa tatu. Na hapo ndipo ilipokuja harufu. Maharage yanaungua.

Nyie wamama mnajua. Maharage hayaungui mwenyewe akiwa macho. Msichana wa Ileje, aliyefundishwa kwamba chakula ni jasho la mama, asingeacha sufuria ikauke naye yupo pembeni anapumua vizuri.

Mama mlezi akanusa. Akasema, "Nani anaunguza?" Nikadondosha daftari. Nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Mama, nimekudanganya. Kuna jiko kwenye kile chumba, na kuna mtu ndani." Akanitazama kidogo tu. Halafu yule mama wa miguu mibovu alikimbia kunishinda.

Tuligonga, kimya. Tuliita jina lake, kimya. Mlinzi alikuja na nondo, akalivunja kufuli mara ya tatu. Kilichotoka mle si moshi mwingi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Kilitoka joto zito, na harufu ya maharage. Alikuwa kitandani amejifunika hadi mabegani, amejikunja. Amejikunja vile vile kama paka.

Tulimbeba mpaka kwenye nyasi zenye umande, kwenye upepo. Alikuwa anapumua kwa mbali mbali, mpaka nikawa naweka shavu langu mdomoni mwake kuhakikisha. Yule mwenzake wa Tunduma akatokea na ndoo ya nguo mbichi, akaona, ndoo ikamponyoka. Alipiga kelele, "Nilimfungia asisumbuliwe! Alikuwa na homa, nikamfungia alale!" Alisikia fagio langu, ndugu zangu. Akasukuma jiko nyuma ya pazia, akafunga dirisha, akatia kufuli nje ili chumba kionekane hakina mtu, akaenda kufua akisubiri ukaguzi upite. Yeye aliamini anamhurumia mwenzake. Fagio lilikuwa mkononi mwangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikuja mpaka mlangoni, kikakaa pamoja na zile ndala, kisha kikaondoka. Hospitali walimwekea mpira wa hewa. Siku tatu hakumtambua hata mama yake, ambaye alishuka kutoka Ileje na nguo za shambani. Daktari alisema ni hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na moshi wala harufu, na dakika chache zaidi zingetosha kummaliza. Alisema dakika chache. Mimi nikawa nahesabu milango mitatu.

Nilivuliwa uongozi na nikasimamishwa mwaka mzima, na ilikuwa haki. Yule wa Tunduma naye alisimamishwa, tukabeba mizigo siku moja. Nilirudi hapa Iyula nikachuma kahawa na mama yangu, na nilikuwa nachuma safu za mwisho huko bondeni nisikutane na mtu. Sikuweza kukaa kwenye chumba kilichofungwa. Maharage sikuweza kuyala, hata harufu. Mama akipika, nilikuwa natoka mpaka barabarani. Niliwaza mabaya juu ya maisha yangu, nasema wazi kwa sababu kuna kijana hapa anayawaza.

Kilichonigeuza ni jambo dogo. Kabla sijaondoka chuoni nilikwenda hospitali kuomba radhi. Mama wa yule binti alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Akaniuliza, "Ni wewe uliyesema?" Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Lakini pia ni mimi niliyenyamaza kwanza." Alipuliza kijiko kingine cha uji, akamlisha, nami nikatamani anipige. Halafu akasema, "Yote mawili nimeyasikia. Shika hiki kikombe, mkono umenichoka." Nikakishika. Nikamlisha mwanawe mpaka uji ukaisha. Hakuniambia amenisamehe, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Lakini baada ya mavuno, gari la Mlowo likamshusha mtu hapa barabarani na mfuko. Maharage, kutoka Ileje. Hayakuwa na barua. Mwaka uliofuata tena. Na nilipoandika kuomba kurudi chuoni, barua ya kunitetea iliandikwa na mama mlezi niliyemdanganya. Nasikia aliandika kwamba nilisema kabla kufuli halijavunjwa.

Nilirudi. Sina cheo. Ila wageni wa mwaka wa kwanza wakifika, napita chumba kwa chumba kuwaeleza habari za mkaa, na nikiona kufuli na ndala mlangoni, nagonga mpaka nijibiwe. Wananiita mama wa ndala. Yule binti naye alirudi. Mkono wake wa kulia unatetemeka kidogo akiandika, na alinikataza kuuangalia sana.

Nashukuru mama yangu, ambaye hakuniuliza nitatoka lini kule bondeni. Nashukuru mama mchungaji aliyenifuata kule na chupa ya chai, akachuma kahawa bila kuhubiri. Mama mlezi, mlinzi, madaktari, Mungu awatunze. Nanyi vijana, mtapewa vyeo vidogo vidogo huko mwendako. Mtu akikupa sahani, kula ukipenda, lakini kabla hujameza jiulize inakuzuia kusema nini. Na mkiona ndala, semeni. Msiandike "hawapo."

Sasa nimalize, maana wamama wanachungulia, chakula kiko tayari. Yale maharage yanayonukia tangu nisimame hapa ni yale ya Ileje. Mimi ndiye niliyeyatoa jana, mifuko yote miwili. Sijaonja maharage tangu Jumamosi ile. Leo naomba mniwekee sahani, na mama yangu akae karibu nami.