Ngozi Ambayo Sikuikunjua

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu wa Endagikot! Nimesimama hapa kwa miguu yangu miwili. Wengi wenu mnajua lori langu lilivyoanguka, kwa hiyo hata kusimama tu ni jambo la kushukuru. Ajali hiyo nitaisimulia, ila ushuhuda wangu unaanza na ng'ombe.

Zamani nilikuwa mtu mgumu. Nilibatizwa, naam, na jina langu limo kwenye kitabu cha mchungaji, lakini huruma sikuwa nayo. Nilipata lori la kubeba ngano kutoka Masakta, kichwa kikavimba. Marehemu baba aliniachia ng'ombe, nami nikawagawa kwa watu wanitunzie, kama ilivyo desturi yetu. Anayetunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mmoja alikuwa kwa Mzee Bura, yule anayekaa chini ya mteremko, barabara ya kwenda Hanang inapopinda. Na sheria ya kutunza mnaijua: ng'ombe wa mwenzio akifa mikononi mwako, unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi aione.

Siku moja Mzee Bura akaja kwangu na ngozi imekunjwa na kufungwa kamba. Mzee wa rika la baba yangu, amesimama uani kwangu, kofia mkononi! Akasema fisi wamemuua ng'ombe malishoni. Jamani, mimi nilimjibu nini? "Mzee, ngozi yoyote inanunuliwa mnadani." Shikamoo sikumpa, na watoto wangu wananitazama. Ngozi sikuifungua. Nikamdai ng'ombe mwingine, na kwa kuwa alikuwa na mtamba mmoja tu, nikamchukua huyo huyo mtamba wake. Akaokota ngozi yake, akaondoka nayo. Nami nilikula nikashiba, ndugu zangu, na usingizi nikaupata!

Basi, lori nililikatia bima Arusha. Wakala wa kampuni alinieleza kwamba kila mwaka unatoa ada, na lori likiharibika kwa ajali, kampuni inakufidia. Niliielewa upesi. Hata sisi tunagawa ng'ombe kwa watu mbalimbali ili ugonjwa ukiingia zizi moja usibaki mikono mitupu.

Masika yakaja. Nilikuwa nashuka na magunia ya ngano, peke yangu, na pale kwenye kona tope likalichukua lori. Likabingirika mpaka ndani ya mahindi ya Mzee Bura. Wa kwanza kunifikia ni yeye. Alinivuta dirishani, akanilaza kwenye nyasi, akanifunika blanketi lake. Habari ya mtamba hakuitaja. Nami sikumwambia asante, kwa aibu au kwa kiburi, Mungu anajua.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mbavu zilipopona, nikafanya kile nilichofundishwa na baba: kitu kimekufa, mpelekee mwenyewe ngozi! Nikaita watu, tukalifungua lori vipande vipande. Nikachukua boneti na kibao cha namba, nikavipakia juu ya basi mpaka Arusha. Vyuma vilivyobaki watu wakagawana. Mlango mmoja mpaka leo ni mlango wa banda la kuku. Chekeni tu, nami nimeshacheka.

Wakala aliitazama boneti yangu, akashika kichwa. Akanieleza kwamba mwenye bima akipata ajali anatoa taarifa mapema, kwa polisi na kwa kampuni, anajaza fomu ya madai, na gari haliguswi mpaka mkaguzi aje alione lilipolala. Nikamwambia, "Bwana, si ndilo hili hapa? Nimelileta mwenyewe!" Akanijibu taratibu, bila hasira hata kidogo, "Boneti yoyote inanunuliwa kwa mafundi."

Ndugu zangu! Maneno yale yalikuwa yangu! Nikakaa juu ya boneti yangu. Nilimwona Mzee Bura uani kwangu na kofia yake mkononi. Nikasema moyoni, Bwana, mimi ni mbaya kuliko kampuni hii, maana wao angalau wanatuma mkaguzi. Nililia pale ofisini, mtu mzima mimi, mpaka wakala akaniletea maji. Akasema mkaguzi atakuja, ila nitafute mtu aliyeliona lori kabla halijaguswa, asiye na kipande chake hata kimoja. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Niliteremka kwa Mzee Bura na mtamba wake nimemshika kamba, na ndama aliyemzaa kwangu nyuma. Nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba ushahidi. Aliwatazama mtamba na ndama. Halafu akasema, "Warudishe hao. Mkaguzi asije akasema umenunua mdomo wangu."

Mkaguzi alipokuja, Mzee Bura alimwonyesha kila kitu: magurudumu yalipochimba, mahindi yaliyolala, jiwe lililobaki na rangi ya lori. Mkaguzi akamuuliza kama ana undugu nami.

"Sina. Nina ugomvi naye. Alininyang'anya mtamba."

Mkaguzi akaacha kuandika. "Na bado unamshuhudia?"

"Lori lilianguka hapa," akasema mzee. "Nililiona."

Fidia ililipwa, ndugu zangu! Ilikuwa pungufu kwa sababu ya vyuma nilivyotawanya, na hilo lilikuwa haki. Niliaminiwa kwa kinywa cha mtu niliyemwita mwongo.

Siku ile ile aliyokuja mkaguzi, alipoondoka tu, nilimrudishia mtamba na ndama. Akapokea. Akaingia ndani, akatoka na ile ngozi, bado ina kamba yake. "Sasa itazame," akasema. Ilikuwa imekauka, tukailoweka kwanza ndipo ikakubali kufunguka. Ndugu zangu, ilikuwa nusu! Upande wote wa nyuma ulikuwa umeliwa, na ukingoni matundu ya meno. Kuikunjua tu kungetosha, nami sikuikunjua.

Ngozi yenyewe ni hii hapa, pitisheni muishike. Namshukuru Yesu aliyenifungua moyo kabla sijafa nao. Na wewe unayenisikia, kama kuna mtu alikujia na neno lake ukamfukuza kabla hujalisikiliza, mfuate leo. Usiogope utakachokikuta. Mwamini Bwana, hatakuacha peke yako mbele ya mtu huyo.

Mzee Bura hajabatizwa, wala hakuahidi kubatizwa. Amekuja kwa kuwa nilimwomba, yuko pale nyuma karibu na mlango. Siku ile nilimnyima salamu mbele ya watoto wangu. Leo nampa mbele ya kanisa zima.

Shikamoo, mzee.