Majirani Wawili Wenye Akili Timamu

Kijiwe cha Kahindi muuza kahawa, kule Likoni, kilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, na waliokikalia walijiona wao ndio baraza kuu la Pwani nzima. Mwaka huo wa 1962 walikwisha gawana serikali mpya yote, wakabakisha wizara ya samaki tu. Asubuhi hiyo Bakari fundi cherehani alifika na fomu mkononi, roho juu. Nduguye Mwidani alikuwa na mwaka wa saba katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara, na sasa madaktari wameandika kwamba amepona. Zatakiwa sahihi za majirani wawili wenye akili timamu. Nesi angepita kabla ya adhuhuri kuichukua fomu. Bila sahihi, Mwidani atabaki huko huko.

— Leta kalamu, alisema Boga, aliyeitwa Jaji kwa kuwa aliwahi kuitwa shahidi mahakamani, japo kesi iliahirishwa. — Lakini ngoja. Mimi sitii mkono wangu mpaka nimjue wa pili.

— Wa pili mimi, akasema Elkana, mtu wa bara, mwendesha winchi bandarini.

— Wewe? Si wewe usemezanaye na winchi?

— Naisalimia tu. Usipoisalimia asubuhi, haiinui hata gunia.

— Nayo hukujibu?

— Siku za meli kubwa pekee.

— Jamani, ni sahihi tu, alisihi Bakari. — Kitanda nimeshamtandikia.

Lakini Elkana alikwisha udhika.

— Na nani huyo anayelala juu ya paa mwezi wa pili sasa?

— Nalinda makuti yangu! Uhuru waja. Nyinyi watu wa bara mtayachukua mkayapande kwenu, yaote minazi.

— Kwetu tuna mabati, Jaji!

— Basi niandikeni mimi, alisema Kahindi akimimina kahawa. — Akili zangu nazijua. Kila asubuhi nazihesabu.

— Ngapi?

— Leo nne. Jana zilikuwa tano, ila jana palikuwa na joto.

Bakari alitamani kuwapiga wote kwa ubao waliokalia. Jua lilikuwa likipanda, na Jaji ndiyo kwanza anakunja miguu ili aeleze vizuri.

— Sikizeni niwaambie. Akili ya mtu haipandi feri, wallahi. Wewe wavuka, yenyewe yakungoja upande huu.

— Kwa hiyo bandarini tunafanya kazi bila akili? aliuliza Elkana.

— Kwani meli zachelewa kwa nini?

Elkana akafikiri, akaona ni kweli.

— Basi, Jaji akaendelea, Mwidani alivushwa feri, akapandishwa gari la moshi. Akili yake i hapa Likoni miaka saba. Ni nani aliyekuwa akiitumia?

Wakatazamana kwa shaka. Kisha wote wakamgeukia muuza kahawa.

— Kahindi, hizo nne, zote zako?

Kahindi alikuwa bado akijitetea pale nesi alipofika. Jina lake Rosalia, mama mtu mzima mwenye viatu vyeupe. Aliitazama fomu isiyo na sahihi hata moja.

— Ndugu yenu mlimpeleka kwa kufanya nini?

— Alikuwa anaongea peke yake, alisema Elkana, kisha akatupa macho upande wa bandari.

— Alikuwa akilala nje, alisema Jaji, naye akakitazama kikombe chake.

Bakari akaona hapana tena pa kujificha.

— Alikuwa akilia, mama. Mkewe Dhahabu alifariki, akalia. Arubaini ikapita, yeye bado. Nyumbani tukachoka. Nikamwambia twende mjini tukanunue kitambaa, akanifuata. Nikampeleka hospitali mwenyewe kwa mkono wangu.

Aliyasema yote hayo huku machozi yakimlenga, na hakujali nani anamwona. Nesi aliandika, akageuza ukurasa.

— Aliacha kulia lini?

Bakari akamtazama Jaji, Jaji akamtazama Elkana. Katika miaka saba hakuna hata mmoja wao aliyepanda gari la moshi kwenda kumwona.

Jaji akaitwaa kalamu, akatia sahihi. Elkana naye akatia yake. Nesi akaikunja fomu, mstari wa jibu la swali lake ukiwa bado mtupu.